Madaraka ya kupambana na ugaidi: yapewe tarehe ya mwisho au yaachwe yadumu?

Mzee mmoja mvuvi wa Lamu aliniuliza swali ambalo halijanitoka. Tulikuwa tumekaa barazani, si mbali na gati, kahawa chungu kwenye vikombe vidogo, mazungumzo yakafika kwenye marufuku ya kuvua usiku. Marufuku hiyo iliwekwa kwa sababu za usalama, ikakaa miaka. Kwa mtu wa jarife ni sawa na kuambiwa usivue kabisa: wavu hutegwa jua likizama, hupandishwa kabla ya alfajiri, kwa maana mchana samaki huuona akaukwepa.

“Mwanangu,” akaniambia, “leseni ya chombo changu ina mwisho. Hata unga wa pakiti una tarehe ya mwisho. Amri hii mbona haina?”

Nikamjibu, “Mzee wangu, hata mimi tarehe hiyo nimeitafuta, sijaiona.”

Amri ile ilikuwa ya maafisa wa usalama, si sheria ya Bunge, na sitaizungumzia zaidi. Lakini swali la mzee ndilo hasa lililogawanya mabunge mengi tangu shambulio la Septemba 2001 huko Marekani: madaraka maalum yanayotolewa siku ya msiba yakae mpaka lini? Wako waliosema yaandikiwe tarehe ya kufa, wabunge wakiyataka tena wapige kura upya. Wako waliosema adui hana kalenda, basi na sheria isiwe nayo. Kanada ilichukua njia ya kwanza mwaka 2001. Kenya ilichukua ya pili mwaka 2012 na tena 2014, kama Tanzania ilivyofanya 2002. Uingereza imezipitia zote mbili, na kwa hiyo inatufundisha zaidi kuliko wengine.

Ninaziweka njia hizi ubavu kwa ubavu kwa ajili ya mtu atakayetakiwa kutoa maoni mswada mwingine wa usalama utakapokuja, na utakuja. Katiba ya Kenya, kifungu cha 118, inalitaka Bunge limshirikishe mwananchi. Ukiitwa ukumbini, ujue unaulizwa nini.

Ottawa, 27 Februari 2007

Sheria ya Kanada ya kupambana na ugaidi ilipita Desemba 2001 chini ya serikali ya chama cha Liberal. Ilikuwa ndefu, na sehemu yake kubwa ilikuwa ya kudumu: kufadhili ugaidi, kushiriki katika kundi la kigaidi, kutoa mafunzo, yote hayo yakawa makosa ya jinai na yakaandikwa bila tarehe. Mambo mawili tu ndiyo yaliyofungiwa saa ya kuhesabu.

La kwanza ni kumshurutisha mtu aongee. Polisi, kwa idhini ya jaji, wangeweza kumleta mtu ambaye hajashtakiwa kwa lolote, wakamtaka ajibu maswali yote kuhusu ugaidi uliotokea au unaopangwa. Akikataa, anaweza kufungwa. La pili ni kumkamata mtu kabla hajatenda. Afikishwe kwa jaji ndani ya saa 24, aweze kuzuiliwa saa nyingine 48, halafu aachiliwe kwa masharti ya hadi miezi 12. Yaani jumla ya siku tatu ndani bila shtaka. Kumbuka hesabu hiyo, tutaihitaji.

Mambo hayo mawili yalipewa miaka mitano. Serikali ilitakiwa kila mwaka kulieleza Bunge yametumika mara ngapi. Muda ulipokaribia kwisha, serikali ilikuwa imebadilika: Stephen Harper wa chama cha Conservative ndiye Waziri Mkuu, lakini bila wingi wa viti. Akaomba miaka mitatu zaidi. Kamati ndogo ya Bunge ilikuwa tayari imependekeza madaraka yaongezewe muda. Familia za waliokufa katika ndege ya Air India, iliyolipuliwa tarehe 23 Juni 1985 na kuua watu 329, zilisimama hadharani kuomba yasifutwe, maana katika kesi yao mashahidi waliogopa kusema.

Kura hiyo ilipigwa namna ambayo ningependa kila Mkenya aione japo mara moja. Wakati huo, katika kura ya kuandikwa, mbunge wa Kanada alisimama mahali pake, karani akataja jina lake, akaandikwa. Hakuna sauti za “ndiyo” zinazopotea katika kelele. Walisimama mmoja baada ya mwingine, na matokeo yakawa 159 wanakataa, 124 wanakubali. Liberal wenyewe, waliotunga madaraka hayo, ndio waliosaidia kuyazima chini ya kiongozi wao Stéphane Dion. Irwin Cotler, aliyewahi kuwa Waziri wa Sheria wa chama hicho hicho, hakupiga kura upande wowote. Siku mbili baadaye madaraka yakafa.

Kilichoamua, kwa maoni yangu, ni hesabu. Kumkamata mtu kabla hajatenda hakukutumika hata mara moja katika miaka mitano. Kumshurutisha shahidi kulijaribiwa mara moja, katika upelelezi wa Air India. Shahidi akapinga hadi Mahakama ya Juu, ambayo mwaka 2004 ilisema sheria ni halali, lakini hatimaye kikao chenyewe hakikufanyika. Katikati ya miaka hiyo, Juni 2006, polisi walikamata kundi lililokuwa likipanga kulipua mabomu Toronto. Walilikamata kwa upelelezi wa kawaida, likashtakiwa kwa makosa yale ya kudumu, bila kugusa madaraka maalum.

Bila tarehe ya mwisho, hesabu hizo zingekaa kwenye ripoti ambayo haisomwi na mtu. Tarehe ndiyo iliyoziweka mezani.

Nairobi, 18 Desemba 2014

Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa hapa ni nyumbani.

Kenya haikukurupuka mwanzoni. Ubalozi wa Marekani ulilipuliwa tarehe 7 Agosti 1998, watu 213 wakafa Nairobi. Hoteli ya Kikambala ilipigwa Novemba 2002. Hata hivyo mswada wa kuzuia ugaidi wa 2003 ulikataliwa kwa nguvu, hasa na Waislamu wa Pwani na mashirika ya haki, na wa 2006 nao ukakwama. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ilipita tu mwaka 2012. Tulipinga kwa miaka tisa, na upinzani huo uliondoa mabaya kadhaa. Jambo ambalo hatukulishika vizuri, naona sasa, ni la muda. Nguvu zote zilikwenda kwenye kinachoingia katika sheria. Lini kitatoka, hatukubishana.

Kisha yakaja ya jengo la maduka la Westgate, Nairobi, Septemba 2013, watu 67 wakafa. Mpeketoni Juni 2014, zaidi ya 60. Tarehe 22 Novemba 2014 abiria 28 wa basi waliuawa Mandera, na tarehe 2 Desemba wachimba mawe 36 wakauawa karibu na mji huo huo. Nchi ilikuwa na hasira na hofu, na ilikuwa na haki ya kuwa nazo. Siku kumi na sita baadaye mswada mmoja uliogusa sheria zaidi ya ishirini ulikuwa mbele ya Bunge la Taifa kwa kura ya mwisho.

Walioutazama kwenye televisheni wanakumbuka. Karatasi zilichanwa, maji yalimwagwa, wabunge walikamatana mashati, Spika akalazimika kuahirisha kikao. Mswada ulipita katikati ya kelele hizo, na kesho yake Rais Uhuru Kenyatta akautia saini. Muungano wa upinzani, CORD, ukaenda mahakamani pamoja na wengine. Tarehe 2 Januari 2015 jaji wa Mahakama Kuu alisimamisha vifungu vinane kwa muda. Tarehe 23 Februari jopo la majaji watano likavifuta vifungu vinane, kikiwemo kile kilichotaka idadi ya wakimbizi wote nchini isizidi 150,000, na vile vilivyobana vyombo vya habari. Vingi vilivyobaki vilipona, kikiwemo kile cha vyombo vya usalama kunasa mawasiliano. Na vilivyopona havina tarehe ya mwisho.

Sheria yetu pia inaruhusu mshukiwa wa ugaidi kuzuiliwa kwa amri ya mahakama hadi siku 90 upelelezi ukiendelea. Katiba inasema saa 24 ndipo ufikishwe kortini. Rudi sasa kwenye siku tatu za Kanada, zile ambazo wabunge wake walizizima. Uingereza leo ni siku 14. Kwetu ni tisini, na sijawahi kusikia siku ya Bunge iliyotengwa ili waziri asimame aeleze watu wangapi walikaa siku hizo, na wangapi kati yao walipatikana na hatia.

Mzigo uko kwa nani

Tofauti ya njia hizi mbili nimeipima kwa mambo mengi: ukali, gharama, kasi, heshima ya haki. Mwishoni nimeona tofauti iliyo kubwa kuliko zote ni moja. Penye tarehe ya mwisho, serikali ndiyo inayobeba mzigo. Lazima waziri arudi Bungeni aseme madaraka haya yalifanya nini, na akishindwa kushawishi, yanakufa yeye akiwa amesimama. Pasipo tarehe, mzigo unaangukia mwananchi. Yeye ndiye atafute wakili, yeye ndiye alipe, yeye ndiye asubiri.

Mfano uko hapa hapa Mombasa. Baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa la tarehe 2 Aprili 2015, lililoua watu 148, serikali ilichapisha katika gazeti lake rasmi orodha ya watu na taasisi 86 ikiwahusisha na ugaidi. Katika orodha hiyo yalikuwamo mashirika mawili ya haki za binadamu, MUHURI na Haki Africa. Akaunti zao za benki zikafungwa. Siku hizo hizo kampuni 13 za hawala nazo zikafungiwa. Mashirika hayo yalikwenda Mahakama Kuu ya Mombasa, na kabla mwaka haujaisha mahakama ikaamua akaunti zifunguliwe. Walishinda. Lakini katika miezi hiyo yote kodi ya ofisi ilidaiwa na mishahara ilisubiriwa, na mjane aliyekuwa akisaidiwa kumtafuta mwanawe aliyetoweka hakuwa na pa kubisha hodi.

Na hao walikuwa na mawakili. Hawala ilipofungwa, kwetu mtaani tulimwona mama muuza nguo ambaye fedha za shule za watoto zilikuwa zikitumwa na kaka yake aliyeko ng'ambo. Alikwenda dukani akiwa na tarakimu zake za siri kwenye kipande cha karatasi, akakuta mlango una kufuli. Alirudi siku tatu mfululizo na karatasi ile ile, hadi wino ukaanza kufutika kwa jasho la kiganja. Yeye hakwenda mahakamani. Angeanzia wapi?

Tanzania nako mizani ilielemea upande huo huo. Sheria yao ya 2002 haina tarehe ya kufa. Viongozi wa Uamsho, jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, walikaa rumande miaka mingi kwa mashtaka ya ugaidi, hadi mashtaka yalipoondolewa Juni 2021. Mwezi uliofuata mwenyekiti wa wakati huo wa chama cha upinzani cha CHADEMA, Freeman Mbowe, akakamatwa Mwanza na kushtakiwa chini ya sheria hiyo hiyo. Tarehe 4 Machi 2022 upande wa mashtaka ukaiondoa kesi. Mashtaka yanapoondolewa hivyo, hakuna hukumu inayosema nani alikosea, wala kikao cha Bunge kinacholazimika kuuliza.

Hoja za wanaotaka yadumu

Nisiwaonee. Wana hoja nzito, na mtu asiyezisikia hawezi kuchagua vizuri.

Ya kwanza: ugaidi wenyewe haukuisha. Al-Shabaab walikuwapo 2012, wakaja hoteli ya DusitD2 jijini Nairobi Januari 2019 na kuua watu 21. Kwa nini polisi wapokonywe chombo kila baada ya miaka michache ilhali anayewindwa bado yuko msituni? Askari anahitaji sheria anayoijua, anayofundishwa chuoni, siyo ya kubadilika kila uchaguzi.

Ya pili ni kali zaidi. Tarehe ya mwisho inaweza kuangukia siku mbaya. Kanada ilikumbana na hilo. Madaraka yaliyokufa 2007 yalirudishwa kwa mswada mwingine uliokuwa ukijivuta Bungeni. Tarehe 15 Aprili 2013 mabomu yakalipuka katika mbio za marathoni za Boston, nchi jirani. Serikali ikauharakisha mswada, na tarehe 24 Aprili ukapita kwa kura 183 dhidi ya 93. Kulikuwa na tofauti gani hapo na Nairobi ya Desemba 2014? Hofu ni hofu, Ottawa au Nairobi.

Tofauti naiona katika yaliyofuata. Kanada ilirudisha madaraka yale yakiwa na tarehe nyingine, miaka mitano. Kwa hiyo hofu ya wiki ile ilijiwekea kikomo yenyewe. Muda ulipofika 2018 hapakuwa na Boston, na katika sheria ya usalama ya 2019 dola ikaachana kabisa na lile la kumshurutisha shahidi. Vichwa vilikuwa vimepoa. Sisi kosa letu la Desemba 2014, kwa kiasi ambacho mahakama haikulisahihisha, tunalo mpaka leo.

Hoja ya tatu husemwa chini chini: bila madaraka haya watu watakufa. Hii ndiyo inayonigusa, kwa sababu nimewahi kukaa na watu waliozika. Lakini tuangalie kwa makini kilichokosekana siku zile. Garissa washambuliaji waliingia alfajiri, na kikosi maalum cha polisi kilifika kutoka Nairobi baada ya saa nyingi, wanafunzi wakiwa tayari wameuawa. Onyo lilikuwa limetolewa kabla kwamba vyuo vinaweza kulengwa. Hakuna kifungu cha sheria kilichowazuia askari kupanda ndege mapema. Na Air India? Tume iliyoongozwa na jaji mstaafu John Major ilitoa ripoti yake Juni 2010, ikaonyesha kwamba idara ya ujasusi na polisi hawakupeana habari, na kanda za simu zilizorekodiwa kwa washukiwa zilifutwa na idara yenyewe. Nchi mbili, misiba miwili mikubwa, na katika yote miwili mwanya mkubwa haukuwa upungufu wa madaraka.

Sisemi madaraka hayana faida. Nasema anayeyaomba atuonyeshe shambulio gani yangelizuia, na hakuna siku nyingine anayolazimika kutuonyesha isipokuwa siku ambayo yanakaribia kufa.

Tarehe inapogeuka kuwa muhuri tu

Sasa nije upande wangu mwenyewe, maana tarehe ya mwisho nayo hudanganya.

Tarehe 21 Novemba 1974 mabomu yaliua watu 21 katika baa mbili za Birmingham. Waziri wa Mambo ya Ndani wa Uingereza, Roy Jenkins, alipeleka mswada Bungeni, na kufikia tarehe 29 ulikuwa sheria. Jina lake lenyewe lilisema ni “ya muda”. Ilitakiwa kuongezwa kila miezi sita, baadaye kila mwaka. Iliwapa polisi nguvu ya kumzuilia mtu hadi siku saba, na waziri uwezo wa kumfukuza raia kutoka kisiwa kikuu na kumrudisha Ireland ya Kaskazini. Sheria hiyo ya muda ilidumu, kwa kutungwa upya mara kadhaa na kuongezwa mwaka hadi mwaka, zaidi ya robo karne, hadi Sheria ya Ugaidi ya 2000 ilipoichukua nafasi yake, safari hii ikiwa ya kudumu. Wanaume sita waliofungwa kwa mabomu ya Birmingham, kwa maungamo waliyosema walipigwa ili wayatoe, waliachiliwa huru Machi 1991 baada ya miaka 16. Katika miaka yote hiyo, kuongeza muda kulikuwa jambo la jioni moja na viti vitupu vingi.

Ufaransa vivyo hivyo. Hali ya dharura iliyotangazwa usiku wa mashambulio ya Paris ya 13 Novemba 2015 iliongezwa mara sita, ikaisha Novemba 2017. Ikaisha kwa namna gani? Baadhi ya madaraka yake yalihamishiwa katika sheria ya kawaida, yakapewa tarehe ya majaribio, na mwaka 2021 yakafanywa ya kudumu. Dharura ilizoeleka hadi ikawa samani ya nyumba.

Kwa hiyo tarehe peke yake haitoshi. Inahitaji mambo mawili pembeni yake. Moja ni hesabu, ile ya Kanada. La pili ni mtu huru mwenye ruhusa ya kuona mafaili ya siri na kuandika waziwazi anachofikiri. Uingereza wanaye, huitwa mkaguzi huru wa sheria za ugaidi, na kazi hiyo imefanywa na Lord Carlile, David Anderson na Jonathan Hall miongoni mwa wengine. Yalipokutana mambo hayo matatu, Uingereza ile ile iliyoshindwa 1974 ikafanikiwa. Tony Blair alitaka siku 90 za kumzuilia mshukiwa bila shtaka. Tarehe 9 Novemba 2005 Bunge lilimkatalia kwa kura 322 dhidi ya 291, likampa siku 28, tena za kuombwa upya kila mwaka. Gordon Brown akataka 42. Mwaka 2008 alipita kwa kura tisa tu katika Bunge la wawakilishi, 315 kwa 306, kisha Baraza la Malodi likamzuia kwa 309 dhidi ya 118. Hesabu zilionyesha kwamba tangu 2007 hakuna aliyezuiliwa zaidi ya siku 14. Januari 2011 serikali haikuomba tena, zikarudi 14. Hapakuwa na maandamano wala kesi.

Tisini zile zile za Blair zilizokataliwa London, sisi tunazo.

Utachagua vipi

Usikubali kuulizwa “unaunga mkono mswada au unapinga?” kana kwamba ni kitu kimoja. Uchukue mswada uupasue katikati, kama Kanada walivyofanya 2001.

Upande mmoja weka makosa: kutega bomu, kulipia bomu, kumpeleka kijana Somalia kwa mafunzo. Hayo yadumu. Anayeshtakiwa kwa hayo atapata kesi, ushahidi utaletwa, jaji ataamua, na akionekana hana hatia ataondoka. Mimi sioni faida ya kuwekea tarehe kosa la kuua watu kwa bomu. Wanaotaka sheria ya kudumu wako sahihi kabisa hapa, na wapinzani wengi wa sheria hizi, nami nikiwamo zamani, tulikosea kwa kutia kila kitu katika kapu moja.

Upande wa pili weka kila kinachomgusa mtu ambaye hajahukumiwa, na mara nyingi hajashtakiwa: kuzuiliwa siku nyingi, simu kusikilizwa, akaunti kufungwa, jina kuandikwa kwenye orodha, kulazimishwa kukaa eneo fulani. Haya hayana siku ya kesi inayoyasahihisha. Hapa tarehe ndiyo kesi yenyewe. Kifungu chochote cha upande huu kisicho na tarehe, ningekikataa hata kama kimeandikwa na watu ninaowaamini, kwa sababu kitatumiwa na watu nisiowajua.

Muda gani? Mwaka mmoja naona ni mfupi, unazaa mazoea ya Uingereza ya miaka ya themanini. Mitano ni mirefu kwa nchi yetu, inameza muhula mzima wa Bunge. Mitatu inanipendeza: sheria ikipita mapema katika muhula, wabunge wale wale waliopiga kura ndio watakaoulizwa, na uchaguzi haujawafuta. Jambo lingine, kila daraka lipigiwe kura yake peke yake. Ukiyafunga pamoja, lenye faida litabeba lisilo nayo mgongoni.

Na kura ipigwe kwa majina.

Kama utaandika barua kwa Karani wa Bunge siku tangazo litakapotoka gazetini, fahamu kwamba muda wa kutoa maoni huwa wa siku chache mno, basi uwe na maneno tayari. Haya ndiyo niliyoyaandika mimi, nikayasoma barazani, na mzee wa jarife akayataka yasomwe mara ya pili, polepole, kisha akaomba nimnakilie kwenye karatasi yake:

“Kifungu hiki kitakoma miaka mitatu tangu siku ya kuanza kutumika, isipokuwa Bunge la Taifa na Seneti wakiongeze muda kwa kura ya majina, kila daraka kwa kura yake. Siku tisini kabla ya kura hiyo, Waziri atachapisha idadi ya watu waliohusika, muda waliozuiliwa, walioshtakiwa, waliopatikana na hatia na walioachiliwa, kaunti kwa kaunti, pamoja na maoni ya mkaguzi huru. Asipochapisha, kifungu kitakoma bila kura.”